MGENI AKIONDOKA, UJUZI UBAKI

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962, alipokuwa akieleza misingi ya Ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya asili ukarimu na kazi vilikwenda pamoja. Mgeni alipokewa, akalishwa, akalazwa. Kisha naye akashika mpini pamoja na wenyeji wake.

Lakini mgeni anayejadiliwa siku hizi maofisini, barazani na hata nje ya msikiti baada ya sala si yule wa methali. Huyu anakuja na jembe lake mwenyewe, tena jembe ambalo wengi wetu hatujui kulishika. Anakuja na ujuzi wa kuandika programu za kompyuta, wa kuchomelea mabomba ya mafuta, wa kuongoza treni ya umeme na mitambo ya maji. Hatuna haja ya kumpa jembe. Swali ni jingine: siku atakapofunga mizigo yake, jembe hilo litakwenda naye au litabaki mikononi mwetu?

Hilo ndilo swali ambalo, kwa maoni ya safu hii, halijaulizwa ipasavyo katika mjadala wa vibali vya kazi kwa wataalamu wa kigeni. Tumeshughulika mno na mlango, ufunguliwe au ufungwe, tukasahau chumba ambacho mlango huo unaingilia.

MLANGO WA FUMBA

Ndugu zetu wa Visiwani wanalifahamu jambo hili kwa karibu. Mwezi wa Agosti 2022, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia Wizara iliyoshika Kazi, Uchumi na Uwekezaji, ilitangaza mpango uitwao Silicon Zanzibar. Shabaha yake ni kuvifanya Visiwa kuwa makao ya makampuni ya teknolojia kutoka pembe zote za Afrika. Mshirika wa kwanza alikuwa kampuni ya Wasoko, inayowauzia bidhaa wenye maduka madogo kwa njia ya simu, na mji mpya wa Fumba ukachaguliwa kuwa kitovu. Miongoni mwa mambo yaliyoahidiwa ni nafuu za kodi na kurahisishwa kwa vibali vya wataalamu wa kigeni wa fani hiyo.

Safu hii haina ugomvi na mpango huo. Kisiwa kinachotegemea karafuu na watalii kina kila haki ya kutafuta riziki ya tatu. Hata hivyo, tuangalie tabia ya biashara yenyewe. Wasoko hapo awali iliitwa Sokowatch. Mwezi wa Agosti 2024 ikaungana na MaxAB ya Misri. Makampuni ya namna hii hubadili majina, huungana na huhama. Hilo si kosa; ndivyo yalivyo. Kampuni ya kompyuta haina tanuri wala shamba la kuiunganisha na ardhi. Inaweza kuondoka kwa ndege ya asubuhi. Kwa hiyo mwenyeji mwenye busara hujiuliza mapema: ikiondoka, nani wa Fumba, wa Dimani au wa Micheweni atakuwa amebaki na kitu kichwani?

SHERIA INASEMAJE

Ni vema wasomaji wakaelewa utaratibu, maana wengi hubishana wasichokijua. Masuala ya uhamiaji ni ya Muungano. Masuala ya kazi siyo. Kwa sababu hiyo, Tanzania Bara ina Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Kibali cha kazi cha upande mmoja hakimruhusu mtu kufanya kazi upande wa pili. Kisha, juu ya kibali cha kazi, mgeni hana budi kupata kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji.

Sheria ya Bara ilikwisha kuona mbali kuliko wengi wetu. Inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata. Zaidi ya hayo, inamtaka awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani aonyeshe ni kwa njia gani Mtanzania atafundishwa mpaka aishike kazi ya mgeni huyo. Kibali chenyewe hutolewa kwa muda wenye kikomo. Maana ya kikomo hicho ni dhahiri: muda umepimwa ili mwenyeji apate kujifunza. Haukuwekwa kwa ajili ya kumsumbua mgeni.

Kwa upande mwingine, wapo wanaolalamika, nao wana haki. Mwezi wa Aprili 2021, muda mfupi baada ya kushika madaraka, Rais Samia Suluhu Hassan alikemea hadharani usumbufu wa vibali vya kazi kwa wawekezaji. Hakukosea. Mtu ameleta fedha zake na mtambo wake, naye anaambiwa asubiri miezi huku jalada likihama kutoka meza hadi meza. Urasimu wa namna hiyo haumlindi kijana wa Kitanzania hata kidogo. Unamlinda mwenye meza tu.

Tena isidhaniwe kwamba wivu wa kazi ni ushamba wetu peke yetu. Marekani, tajiri kuliko wote, huweka ukomo wa viza 65,000 kwa mwaka kwa wataalamu wa aina hii, na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya nchini humo. Na mwezi wa Septemba 2025 Serikali yake ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Sisi nasi, mwezi wa Julai 2025, tulitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwamo kutengeneza simu za mkononi. Amri hiyo inaeleweka. Mtu asivuke bahari kuja kubadilisha kioo cha simu, kazi ambayo vijana wa Manundu hapa Korogwe wanaifanya huku wakizungumza na mteja. Ila anayejua kutengeneza mfumo unaoiendesha simu ni mtu mwingine kabisa, na kumchanganya na yule wa kioo ni kutopambanua mambo.

SWALI LA BINTI

Mwaka jana, katika mkutano wa tawi letu, tulikuwa tukieleza faida za uwekezaji katika Mkoa wa Tanga. Tulitaja bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika nchi yetu, likiishia Chongoleani. Tulitaja ajira. Wajumbe walipiga makofi. Kisha akasimama binti mmoja mwenye stashahada ya kompyuta, akasema kwa adabu:

“Ndugu Katibu, mgeni akija anapewa kibali cha kazi. Mimi nina mwaka wa tatu tangu nimalize chuo, na kila ninapoomba naulizwa uzoefu. Naomba kujua, kibali changu cha kwenda kujifunza kazi kwa mgeni huyo kinatolewa na ofisi gani?”

Nilikuwa nimekaa meza kuu. Nilimwambia kwamba swali lake ni zuri na litapelekwa panapohusika. Kila aliyekwisha kukaa meza kuu anajua maana ya jibu hilo. Usiku ule sikupata usingizi mapema, kwa sababu swali lake sikulisikia kwa mara ya kwanza. Nimelikuta nyumbani kwetu tangu utotoni.

KOROGWE NA WAGENI WAKE

Ukitaka kuijua thamani ya mgeni, uliza Korogwe. Mji wetu umejengwa na wageni. Reli ya Tanga ilitufikia mwaka 1902, ikaletwa na Wajerumani. Mkonge wenyewe, uliotupa jina duniani, ni mgeni: mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakaota mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, hata mwaka 1964 nchi yetu ikazalisha karibu tani 230,000 na kuongoza dunia nzima. Mkonge haukuwa na kibali, lakini ulitia mizizi.

Baada ya mmea wakaja watu. Wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, mwaka 1944, na kabla na baada ya hapo watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba, na kazi yake iliandikwa katika kipande cha siku 30. Babu yangu alikuwa mmoja wao, aliyeletwa kutoka Kigoma. Leo wajukuu wa manamba ndio Wanakorogwe, wameoana na Wazigua, Wasambaa na Wabondei, na hakuna anayewauliza walikotoka. Kwa hiyo mwandishi wa makala haya hana haki ya kumchukia mgeni, maana angekuwa anaikana damu yake.

Tofauti ni kwamba manamba aliletewa Korogwe mikono yake tu. Kichwa chake hakikutakiwa. Na mhandisi aliyetoka Ulaya aliletewa kichwa, nacho akakifunga kwa kufuli.

WAHANDISI WAWILI

Baba yangu alizaliwa kambini. Alianza kazi katika kiwanda cha mkonge kwa kufagia makapi chini ya mtambo tunaouita korona, ule unaoponda jani na kutoa singa. Siri ya korona si kubwa kwa kuitazama: ni nafasi iliyopo baina ya visu vya ngoma na kibao kinacholikinga jani. Nafasi ikizidi, nyama ya jani hubaki katika singa na bei huanguka. Ikipungua, singa hukatika. Lakini kuipima nafasi hiyo na kuifunga sawasawa ndiko kulikomtenga mhandisi na mfagiaji, na mshahara wa mmoja na wa mwingine.

Mhandisi wa kwanza aliyemtumikia baba alikuwa hodari na si mkatili. Ila kila siku ya kufunga visu aliwaambia mafundi wote waende kunywa chai. Walipokuwa wakirudi, walikuta mtambo umekwisha fungwa naye akipangusa mikono. Baba alisema hakuwahi kunywa chai nyingi maishani mwake kama miaka ile.

Baadaye alihamia shamba jingine. Mhandisi wa pale, mzee wa Kigiriki, alikuwa na macho mabovu. Sijui kama ni wema au ni macho, lakini alimpa baba bamba jembamba la kupimia akamwambia: weka wewe, mimi nitagusa. Baba akaweka. Akakosea mara nyingi, akatukanwa mara nyingi, mwishoni akapatia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilipochukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, wahandisi wengi wa kigeni wakaondoka. Katika shamba la mzee yule korona iliendelea kuzunguka. Katika shamba la kwanza mtambo ule ule, wa kiwanda kile kile cha Ujerumani, ulikuwa ukilala kila visu vilipolegea, mpaka fundi aitwe kutoka mbali. Mitambo ilikuwa sawa, sheria ilikuwa moja, na wananchi walikuwa wale wale. Palipotofautiana ni mahali pamoja: nani alishika bamba la kupimia kabla mgeni hajaondoka.

Sisemi kwamba mkonge ulianguka kwa sababu hiyo peke yake. Nyuzi za plastiki ziliua bei duniani, na uendeshaji wetu ulikuwa na dosari zake, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ukashuka hadi kiasi cha tani 20,000 kwa mwaka. Ninachosema ni kwamba taifa lililoongoza dunia kwa zao fulani halikupaswa kungojea mtu wa mbali aje kukaza visu.

Na ujuzi usioshikwa na mwenyewe huokotwa na mwingine. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, wataalamu wa kikoloni walizalisha mbegu chotara ya mkonge iitwayo 11648. Wachina waliichukua miaka ya 1960, na leo ndiyo mbegu inayotawala mashamba yao ya mkonge. Wao walijua cha kufanya na mali ya mgeni.

GIZA LA UNGUJA

Ndugu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni ya wakulima wa mkonge tu. Maji ya Mto Pangani, ambao huku juu tunauita Ruvu, yanapita mlangoni petu na kuzungusha mitambo ya Hale iliyowashwa mwaka 1964. Tangu mwaka 2010 Pemba nayo inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka pwani ya Mkoa wa Tanga. Tumeunganishwa na waya, basi tuunganishwe na mafunzo pia.

Unguja ilipata waya wake wa baharini mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba; ndiyo Fumba hii hii ya makampuni ya kompyuta. Kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 hitilafu ya waya huo ilikitia kisiwa kizima gizani kwa miezi mitatu. Wenye hoteli walinunua jenereta. Wananchi walinunua mishumaa na kuchota maji visimani, kwa kuwa pampu nazo zilinyamaza. Kila aliyekuwako anakumbuka. Baadaye waya mpya na mkubwa zaidi ukalazwa, na sifa njema ziwafikie waliohusika. Lakini somo la miezi ile mitatu lisisahauliwe: kitu kilicholetwa na mtaalamu kutoka mbali ni neema mpaka siku kinapoharibika. Siku hiyo ndipo mwenyeji hujua kama alipewa kitu au aliazimwa.

Nitatoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati iliyompokea mwekezaji mmoja, ambaye simtaji wala sitaji mahali. Tulimpokea kwa ngoma. Mtambo wake uliendeshwa kwa kompyuta, na kijana wa kigeni aliyeutunza alikuwa na kibali halali kabisa. Muda wake ulipokwisha aliondoka kwa amani. Mwezi wa pili kompyuta ikagoma na kudai neno la siri. Neno hilo lilikuwa kichwani mwa kijana yule, naye alikuwa kwao. Vibarua walirudishwa nyumbani siku 19 bila malipo, mpaka alipopatikana. Mama mmoja alinifuata ofisini akaniuliza watoto wale nini. Katika jalada la mradi kulikuwa na karatasi yenye kichwa cha habari cha kurithisha ujuzi. Niliisoma siku ile kwa mara ya kwanza. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja.

MAALIM HAHESABIWI KWA MIAKA

Kizazi chetu kilisoma juzuu kabla ya kusoma herufi za shule ya Serikali. Chuoni kwetu maalim hakusifiwa kwa miaka aliyokaa kijijini wala kwa ukubwa wa kilemba chake. Watu waliuliza: wamehitimu wangapi mikononi mwake? Na njia yake ilikuwa nyepesi. Aliyemaliza juzuu alipewa mdogo wa kumsikiliza. Mkubwa alimkosoa mdogo, maalim akamkosoa mkubwa, na elimu ikapita kutoka ulimi hadi ulimi bila kukatika. Maalim alipofariki, darasa liliendelea jioni ile ile.

Mnyororo huo wa kupokezana ndio unaotukatikia katika mitambo. Chukua Reli ya Uhuru. Wachina walitujengea kilomita 1,860 kati ya mwaka 1970 na 1975, kazi ambayo wengine walisema haiwezekani. Nao walifundisha: vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea reli, na chuo kikafunguliwa Mpika. Reli hiyo ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Sababu zilikuwa nyingi, mtaji ukiwa wa mbele. Lakini mwaka 2025 tulitia saini mkataba wa kuirejesha mikononi mwa kampuni ya Kichina kwa miaka 30. Kizazi kile cha 200 kimekwisha kustaafu. Anayefundishwa leo asipofundisha kesho, mwalimu yule yule ataitwa tena baada ya miaka 50, na safari hii atakuja na ankara.

Upande wa pili wa bahari, Waomani walilitazama jambo hili mapema. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alipoingia madarakani aliwaita watu wake waliokuwa nje, na wengi waliosoma Unguja na Afrika Mashariki wakaenda kushika kazi za utawala, hospitali na mafuta. Pamoja nao waliajiriwa wageni wengi kutoka Bara Hindi na kwingineko. Kisha mwaka 1988 ikatangazwa sera ya kuwaingiza raia katika nafasi za wageni, hatua kwa hatua. Hawakuwafukuza wataalamu kwa siku moja, wala hawakuwaacha wakae milele kwa mazoea.

RAI YETU

Maadamu sheria ipo, safu hii haiombi sheria mpya. Inaomba iliyopo ifanye kazi, Bara na Visiwani, kwa njia nne.

Kwanza, kila kibali cha mtaalamu kiandamane na majina ya Watanzania wawili watakaokaa ubavuni mwake. Majina, wala si maneno ya jumla. Neno “wazawa watafundishwa” halina uso wala halina njaa. Mtu mwenye jina anavyo vyote viwili.

Pili, kibali kinapokuja kuongezwa muda, asiulizwe mwajiri peke yake. Waitwe wale wawili, wapewe kazi ya mgeni waifanye mbele ya mkaguzi. Wakiiweza, mgeni ameshinda na aage kwa heshima. Wasipoiweza, ijulikane ni kwa nini: ni ujuzi mgumu, ni wanafunzi wavivu, au kuna mtu aliyekuwa akiwatuma kunywa chai?

Tatu, mpango wa kurithisha ujuzi usizikwe Dodoma au Unguja mjini. Nakala iende kwa afisa kazi wa mahali, na kwa chuo kilicho karibu: VETA kwa huku kwetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kwa Visiwani. Vitabu vya mitambo, funguo na maneno ya siri vihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo, na vikabidhiwe mgeni anapoondoka kama nyumba inavyokabidhiwa.

Nne, afisa atoe jibu upesi. Mgeni wa kweli mwenye ujuzi wa kweli asikalishwe miezi. Kila mwezi anaongojea ni mwezi ambao wanafunzi wake wawili nao wanangojea. Aliye mtaalamu wa jina tu, aliyeletwa kuja kushika kazi ya karani, naye ajibiwe upesi: hapana.

Na kwa vijana wetu, neno moja la haki. Kusimama ubavuni mwa mtaalamu si kukaa kivulini. Baba yangu alitukanwa mpaka akapatia. Mwanafunzi anayetazama saa kila baada ya nusu saa, anayedai cheo kabla ya kushika bamba la kupimia, huyo ndiye shahidi mkubwa wa wale wanaosema Watanzania hawafundishiki. Tusiwape ushahidi.

Nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba inaweza. Waturuki walijenga reli ya umeme ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria hadi Dodoma. Wamisri walijenga bwawa la megawati 2,115 katika Mto Rufiji. Hizi ni kazi za fahari, na waliozijenga wanastahili shukrani. Lakini fahari ya taifa haipimwi siku ya kukata utepe. Hupimwa usiku wa manane mtambo unapozima, na kijana wa Ifakara, wa Wete au wa Korogwe anaposhika tochi na kwenda kuuwasha bila kumpigia mtu simu ng'ambo.

Yule binti wa tawi letu bado anaomba kazi. Nilimwahidi kwamba swali lake litapelekwa panapohusika, nami kwa muda wa mwaka mzima sikujua ni wapi. Wahusika wa Bara na wa Visiwani ndio wasomaji wa safu hii. Basi leo nimelipeleka: kibali chake cha kwenda kujifunza kazi kinatolewa na ofisi gani?